Usiiwashe Mpaka Tufike

Kila asubuhi Mama Pacha alivaa buti zake, akaning'iniza begi la spana begani, akatoka. Kazi yake ilikuwa kukagua bomba la maji. Bomba hilo lilianzia kwenye chemchemi, juu mlimani, likashuka kilomita tisa hadi kwenye tangi la mji. Mama Pacha alilifuata kwa miguu. Alipapasa maungio kwa kiganja. Aliinua vifuniko vya zege na kuangalia valvu. Palipokuwa na unyevu, alipiga magoti na kukaza nati. Kilomita tisa kupanda, kilomita tisa kushuka.

Mume wake, Baba Pacha, alikuwa fundi cherehani. Alishona barazani, mbele ya nyumba, na mama yake mzazi, mkwe wa Mama Pacha, alikaa karibu naye akishikiza vifungo. Pacha wenyewe walikuwa wasichana wawili wa miaka kumi na minne. Walikuwa shule ya bweni.

Maisha yalikwenda hivyo kwa miaka sita. Kisha goti la kulia la Mama Pacha likaanza kuvimba. Alilikanda kwa maji ya moto, akalifunga kitambaa, akaendelea. Lakini mwendo wake ulipungua. Siku moja mwenyekiti wa kamati ya maji alimwita ofisini.

"Sikufukuzi, dada yangu," mwenyekiti alisema. "Lakini mwezi huu bomba limepasuka mara mbili, na mara zote mbili tumechelewa kujua. Hospitali ilikaa bila maji kutwa nzima. Tunataka mtu anayeweza kufika chemchemini kwa saa moja. Ukipata pikipiki, petroli tutatoa sisi. Usipopata hadi mwisho wa mwezi, itanibidi njia hii nimpe mwingine."

Mama Pacha aliinuka akiegemea meza. Alishukuru, akatoka.

Kuendesha alijua. Zamani alikuwa akisambaza ankara za maji kwa pikipiki ya ofisi. Tatizo lilikuwa pikipiki yenyewe. Mpya hawakuimudu. Iliyotumika waliimudu, lakini kwa akiba yao yote. Wangekosea, wasingekuwa na pesa za kukosea tena.

Siku mbili baadaye Baba Pacha alirudi kutoka kununua nyuzi. Alikuwa akitabasamu peke yake.

"Nimeiona!" alisema kabla hajakaa. "Nyekundu! Inang'aa! Ni zile za kupandia milima, matairi yenye meno, nyepesi kama baiskeli. Muuzaji akakanyaga kiki moja tu, ikanguruma. Moja tu!"

"Ina injini ya aina gani?" aliuliza Mama Pacha.

"Tustroki. Zile ambazo petroli yake unaichanganya na oili mwenyewe. Anasema zina nguvu kuliko hizi za kawaida. Nimemwambia kesho narudi kuichukua. Anasema wapo wengine wawili wanaoitaka."

Mama yake alimtazama juu ya miwani. "Hao wawili uliwaona?"

"Mama, watu hao huwa hawakai pale wakisubiri."

"Mimi nauliza tu," alisema mama, akakata uzi kwa meno.

Wakati huo jirani yao alikuwa amesimama mlangoni na suruali ya kazi mkononi. Goti la suruali lilikuwa limechanika, alitaka litiwe kiraka. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kidogo. Karakana yake ilipakana na ukuta wao. Alitengeneza misumeno ya injini, pampu na mashine za kukata nyasi. Watu walimwita Bi Plagi, kwa sababu mtu akifika tu na mashine iliyogoma, swali lake la kwanza lilihusu kile kipande kinachotoa cheche ya kuwashia injini: "Plagi umeitazama?"

"Baba Pacha," alisema, "kabla huyo muuzaji hajaiwasha, uliigusa injini?"

"Niiguse ya nini?"

"Ujue kama ni baridi."

"Sikuigusa. Lakini iliwaka kwa kiki moja, Bi Plagi."

"Hata mimi ukiniamsha nikiwa tayari nimeshaamka, nitaamka mara moja," alisema Bi Plagi. Mama mkwe alicheka hadi kifungo kikamdondoka. "Injini yenye moto huwaka kirahisi, hata ikiwa imechoka. Mtu anayeficha kitu huiwasha kabla hujafika, anaipasha, halafu anaizima. Wewe unakuja unashangilia. Hapo umeuziwa mbuzi kwenye gunia."

Tabasamu la Baba Pacha lilipungua. "Kwa hiyo nisiinunue?"

"Sijasema hivyo. Labda ni nzima. Hatujui. Njooni kwangu niwaonyeshe kitu."

Wakamfuata. Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu. Misumeno ilipangwa ukutani, kila mmoja na kikaratasi cha jina la mwenyewe. Bi Plagi alichukua kopo, akatoa pistoni mbili ndogo, vile vyuma vinavyopanda na kushuka ndani ya injini, kila moja kama kikombe cha kahawa kilichogeuzwa.

"Hizi ni za misumeno," alisema. "Misumeno nayo ni tustroki, ila midogo. Ya kwanza hii. Pitisha kidole."

Mama Pacha alipitisha. "Laini."

"Sasa hii."

Ya pili ilikuwa na mikwaruzo mirefu ubavuni, kana kwamba paka ameiparua.

"Hii iliuawa na vumbi," Bi Plagi alisema. "Mwenyewe alikuwa hasafishi chujio la hewa. Pikipiki za kawaida zina oili iliyokaa ndani ya injini, inalainisha pistoni. Tustroki haina hiyo. Pistoni yake hupata oili kutoka kwenye petroli tu. Ukisahau kuchanganya, au ukichanganya kidogo mno, chuma kinasuguana na chuma. Dakika chache tu, inakwama. Oili nyingine iko upande wa gia, lakini hiyo ni ya gia na klachi. Haiji kwenye pistoni."

"Basi hizi si mbaya?" aliuliza Baba Pacha. "Tununue ya kawaida?"

"Kwa njia ya mkeo, nyepesi itamfaa. Mti ukianguka njiani, ataiinua mwenyewe. Na hata ikifa pistoni, kuibadilisha si kazi kubwa. Kwenye tustroki pistoni na ringi zinazoizunguka huchakaa, hubadilishwa, maisha yanaendelea. Ila mwenye nayo awe mtu wa kuitunza. Ndiyo maana unapoinunua, unamchunguza pia mwenye nayo."

Alimgeukia Mama Pacha. "Mpigieni simu sasa hivi. Mwambieni tunakuja kesho asubuhi, na asiiwashe mpaka tufike."

Baba Pacha alipiga simu hiyo, na asubuhi walikwenda watatu. Bi Plagi alibeba begi la spana, tochi na kitambaa cheupe. Muuzaji alikuwa na kibanda cha mabati kando ya barabara, pikipiki nne zimepangwa mbele. Nyekundu ilikuwa katikati. Kweli iling'aa.

"Karibuni, karibuni," alisema muuzaji. "Mama ndiye dereva? Hii itakupenda."

Mama Pacha aliisogelea pikipiki. Alisogeza mgongo wa kiganja karibu na silinda, kisha karibu na ekzosi, lile bomba la moshi, bila kugusa. Moto.

"Umeshaiwasha," alisema.

"Aa, niliisogeza tu kutoka ndani. Kidogo."

"Si neno," alisema Bi Plagi kwa upole. "Tutasubiri ipoe. Hatuna haraka. Tunaweza kuiangalia wakati tunasubiri?"

Muuzaji alikuna kichwa. "Angalieni."

Wakaanza. Kadi ya pikipiki ilikuwepo. Bi Plagi alimwonyesha Mama Pacha namba iliyogongwa kwenye chuma cha fremu, pale shingoni, mpini unapogeukia. "Soma moja moja. Ikitofautiana na ya kwenye kadi hata tarakimu moja, au ukiona imepigwa tupa, aga uende zako. Unaweza kuwa unanunua mali ya mtu iliyoibwa." Mama Pacha alisoma kwa sauti. Zililingana. Muuzaji akapumua.

Kisha wakatoa siti na kufungua sanduku la chujio la hewa. Chujio la pikipiki za aina hiyo ni sponji, na linatakiwa kuwa safi na lenye mafuta kidogo, ili vumbi linase hapo. Hili lilikuwa kavu. Kona moja ilikuwa imeanza kumomonyoka kama mkate mkavu. Bi Plagi alifunga kitambaa cheupe kwenye kidole, akapangusa ndani ya mpira unaopeleka hewa kwenye kabureta, inapokutana na petroli. Kidole kilitoka na mchanga.

Mama Pacha alikumbuka ile pistoni yenye mikwaruzo. "Mchanga huu umekwenda ndani," alisema taratibu.

"Vumbi lipo kila mahali, mama," alisema muuzaji.

"Petroli unachanganya na oili kiasi gani?" aliuliza Bi Plagi.

"Nakadiria tu kwa jicho. Nimezoea."

Bi Plagi alitikisa kichwa, akakunja kitambaa.

Wakati wanawake wakizungumza, Baba Pacha alikuwa amechuchumaa upande wa pili. Hakujua habari za kabureta. Aliona aibu kidogo, na aibu ile ilimfanya atafute la kufanya. Akaanza kupapasa fremu kwa vidole, polepole, kama anavyopapasa jora la kitambaa dukani kutafuta kasoro ambayo jicho halioni. Rangi ilikuwa nzito na laini. Alipofika chini, karibu na mahali mguu wa dereva unapokanyaga, vidole vikasimama.

"Hapa pana mshono," alisema.

"Mshono?" muuzaji alicheka. "Mzee, hiyo ni pikipiki, si shati."

"Nasema pana mshono. Upande wa kulia hakuna. Kushoto upo. Mtu ametia kiraka, akapiga pasi juu yake."

Bi Plagi alichuchumaa, akawasha tochi. Chini ya rangi mpya kulikuwa na uvimbe mwembamba, umezunguka bomba la fremu. Ukingoni mwa uvimbe huo rangi ilikuwa imefanya ufa mdogo kama unywele. Alipitisha ukucha juu yake.

"Fremu ilivunjika, ikachomelewa," alisema. "Na imeanza kufunguka tena."

Uso wa muuzaji ulibadilika. "Kila pikipiki iliyotumika ina historia yake. Haya, nitawapunguzia. Nitawapunguzia sana."

Alitaja bei. Ilikuwa nafuu kweli. Mama Pacha alimvuta Bi Plagi pembeni.

"Kwa bei hiyo tukiichukua, tukaichomelea upya?"

"Mwanangu, injini mbovu itakuacha njiani. Utarudi kwa miguu, utanuna, basi. Fremu ikikatika ukiwa mteremkoni, hutarudi kwa miguu."

Injini ilipopoa, muuzaji alijaribu kuiwasha, labda kwa kutaka kuwaonyesha. Alipiga kiki mara kumi na tisa. Jasho lilimtoka. Mara ya ishirini ikakohoa, ikatoa wingu, ikazima. Walimshukuru kwa muda wake, wakaondoka.

Walishika njia ya nyumbani. Walipofika kwenye kona ya nyumba yao, Bi Plagi alitangulia karakanani kwake, na Mama Pacha alisimama.

"Siku kumi na moja," alisema. Alilishika goti lake. "Zimebaki siku kumi na moja, na hatuna kitu. Ningeichukua tu. Ningekwenda polepole."

"Usiseme hivyo," alisema Baba Pacha.

"Ni kazi yangu inayoondoka, si yako!"

Baba Pacha alimsogelea. Kisha akasema, "Jana mimi nilikuwa tayari kuinunua. Ningekuletea hapa mlangoni. Ningekupigia makofi ukiondoka nayo kwenda mlimani." Akageuka kutazama walikotoka. "Usiku wa leo nitaliwaza hilo. Kazi ikiondoka tutatafuta nyingine. Wewe nitakutafuta wapi?"

Mama Pacha aliangalia pembeni. Kisha alimshika mkono, wakaingia ndani.

Siku tano zilipita. Mama Pacha aliendelea kupanda mlima na goti lake. Kila jioni alipitia karakana kwa Bi Plagi na kuuliza maswali. Beringi ya gurudumu ikichakaa unaijuaje? Moshi upi ni wa kawaida na upi ni wa ugonjwa? Bi Plagi alimjibu akiwa anafanya kazi zake, na mara nyingine alimpa spana amalizie mwenyewe.

Siku ya sita mteja wa Bi Plagi alitaja mtu anayeuza tustroki. Mwenye nayo alikuwa mpimaji wa ardhi. Ofisi yake ilikuwa imempa gari, pikipiki haikuwa na kazi tena. Mama Pacha alipiga simu mwenyewe.

"Naomba usiiwashe mpaka tufike," alisema.

"Haijawashwa tangu wiki iliyopita," mpimaji alijibu. "Njoo na nguo za kazi, mama. Ni chafu."

Pikipiki ilikuwa ndani ya banda la kuku. Plastiki zake zilikuwa zimepauka na jua, siti imechanika, taa ya mbele imefungwa waya. Baba Pacha aliitazama kama mtu aliyepewa nguo ya mitumba yenye doa. Bi Plagi alivuta ndoo, akaigeuza, akaketi.

"Huji?" Mama Pacha aliuliza.

"Leo mimi ni mgeni. Kazi ni yako."

Mama Pacha alifuta mikono kwenye suruali. Alianza na silinda. Baridi kabisa. Alisoma namba ya fremu na kadi, zikalingana, na jina la kwenye kadi lilikuwa la mpimaji mwenyewe. Aliuliza kama imesajiliwa kwa matumizi ya barabarani, maana nyingine za aina hii ni za mchezo tu, haziruhusiwi kuvuka hata barabara ya mji. Mpimaji alimwonyesha usajili. Baba Pacha, bila kuambiwa, tayari alikuwa ameshapiga magoti akipapasa fremu. Alizunguka yote, juu na chini.

"Haina mshono," alisema, "ila ule wa kiwandani."

Chujio la hewa lilikuwa la kijani, lenye mafuta. Kitambaa cheupe kilitoka ndani ya mpira kikiwa kisafi.

"Oili unachanganya kiasi gani?" aliuliza Mama Pacha.

"Moja kwa arobaini," alisema mpimaji. "Kitabu chake ndivyo kinavyosema. Kwa lita tano za petroli, mililita mia moja na ishirini na tano. Oili ya tustroki yenyewe, si ya gari." Akatoa daftari dogo lenye alama za vidole vya grisi. Alikuwa ameandika saa alizoiendesha, siku aliyobadilisha oili ya gia, siku aliyobadilisha pistoni na ringi. Mama Pacha aligeuza kurasa. Nyuma yake ndoo ya Bi Plagi ilikwaruza sakafu. Bi Plagi alikuwa amejisogeza aone.

Mama Pacha alishika kiki kwa mkono, akaisukuma chini polepole. Ilikataa, ikabana, kisha ikapita. Hiyo ilimwambia kwamba ringi zinashika hewa vizuri. Kiki ikishuka laini tu kama haina kitu ndani, ringi au silinda imekwisha. Kwa ruhusa ya mpimaji walifungua ekzosi na plagi. Kwenye silinda kukabaki tundu la kutolea moshi. Baba Pacha alishika tochi. Mama Pacha alisukuma kiki kidogokidogo hadi pistoni ikaonekana kwenye tundu.

"Ina mistari?" aliuliza.

"Subiri." Baba Pacha aliinamisha kichwa. "Laini. Kama kifungo kipya."

Kwenye rejeta Mama Pacha aliangalia maji ya kupozea wakati injini bado ni baridi, maana mfuniko wa rejeta ukifunguliwa ikiwa moto, maji huruka na kuunguza uso. Maji yalikuwa safi, hayana mafuta. Alidondosha oili kidogo ya gia kwenye kopo. Ingekuwa na rangi ya maziwa, angejua maji yameingia ndani. Ingekuwa na vipande vya chuma, angejua gia zinasagana. Ilikuwa nyeusi kidogo, basi.

Kisha akapata mabaya. Alibonyeza mpini chini mara tatu, akapangusa miguu ya shokapu ya mbele. Ya kushoto ilikuwa na pete ya mafuta. "Sili ya kuzuia mafuta imekwisha hapa," alisema. Alivuta cheni upande wa nyuma wa sproketi, lile gurudumu la meno linaloibeba. Ilivutika sana, na meno ya sproketi yalikuwa yamepinda kama ndoano. Aliinua gurudumu la nyuma, akalitikisa kushoto na kulia. Likacheza.

"Beringi," alisema.

Mpimaji aliinua mikono. "Yote umeyapata. La beringi mwenyewe sikulijua."

Mama Pacha alimgeukia Bi Plagi. Gurudumu lilikuwa bado mkononi mwake. "Tuiache?"

"Wewe waonaje?"

Alifikiri. Sili, cheni, sproketi, beringi. Vyote vilikuwa vitu vya kununua dukani na kubadilisha kwa siku moja. Injini ilikuwa nzima. Mifupa ilikuwa mizima.

"Hatuiachi," alisema. "Ila bei ipungue kwa kiasi cha vipuri hivi."

"Hiyo ni haki," alisema mpimaji.

Walirudisha plagi na ekzosi, kisha Mama Pacha aliiwasha mwenyewe. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu ikalia. Moshi wa bluu ulitoka mwingi mwanzoni, kuku wakakimbia. Mama Pacha hakushtuka. Tustroki huchoma oili, kwa hiyo moshi wakati wa baridi ni kawaida. Alisubiri. Injini ilipopata moto, moshi ulipungua ukawa mwembamba. Ungeendelea kuwa mzito, angejua kuna sili ya ndani inayovuja. Alichungulia rejeta kwa nje, hapakuwa na uvujaji. Aliongeza mafuta kisha akaachia, mngurumo ukashuka na kutulia, haukupaa wenyewe.

Alivaa helmeti, akaizungusha kwenye njia ya mashamba kwa dakika kumi. Aliingiza gia zote, akapanda kilima, akafunga breki ya mbele na ya nyuma. Gia haikuruka. Klachi haikuteleza. Aliporudi, Baba Pacha alikuwa amesimama katikati ya njia kwa wasiwasi, mikono kifuani.

"Vipi?"

"Inapanda," alisema Mama Pacha. Alikuwa akicheka.

Kesho yake walikwenda na mpimaji ofisi ya usajili kubadilisha jina la mwenye kadi. Siku iliyofuata karakana ya Bi Plagi ilijaa vipande. Sili mpya, beringi mpya, cheni na sproketi zake. Mama Pacha alifunga kila nati mwenyewe. Baba Pacha alishona kifuniko kipya cha siti kwa turubai, mshono mara mbili. Mama mkwe aliizunguka pikipiki mara mbili.

"Sijawahi kuona kitu kibaya kiasi hiki kikipendwa kiasi hiki," alisema.

Zilipobaki siku mbili mwezi kuisha, mwenyekiti alisimama kwenye tangi na saa yake. Mama Pacha aliondoka, akafika chemchemini, akapiga simu kutoka huko. Dakika arobaini na nane. Mwenyekiti aliandika, akafunga daftari. Njia ya bomba ilibaki yake.

Pikipiki akaitunza. Kila Jumamosi aliosha chujio la hewa, akalikausha, akalipaka mafuta yake. Alichanganya petroli kwa kipimo, hata alipokuwa na haraka. Hasa alipokuwa na haraka. Saa za kazi aliziandika kwenye lile daftari dogo, chini ya mwandiko wa mpimaji.

Masika yalipoanza, mvua kubwa ilinyesha siku tatu. Asubuhi ya nne udongo uliporomoka mlimani na bomba likachomoka kwenye ungio. Mama Pacha alilikuta saa mbili na nusu. Alifunga valvu ya juu, akachimba, akasafisha ungio, akatia mpira mpya, akakaza. Alifungua valvu na kusubiri, kiganja kikiwa juu ya bomba, mpaka akasikia maji yakipita. Mjini, wengi hawakujua kwamba maji yalikuwa yamekatika.

Alishuka mlima polepole. Jua lilikuwa bado halijafika utosini alipoingia uani, matope hadi kiunoni. Baba Pacha na mama yake walikuwa wameketi kwenye mkeka, chakula kimepakuliwa, hawajaanza kula. Wote wawili walishtuka kumwona saa ile, maana siku za mvua kama hiyo alizoea kurudi jioni.

"Umesahau nini?" aliuliza Baba Pacha, akianza kuinuka. "Spana? Nikuletee?"

"Sijasahau kitu," alisema Mama Pacha. "Nimemaliza."

Walimtazama. Alivua helmeti, akanawa mikono kwenye bomba la uani, akaja kukaa. Mama mkwe aliinuka, akaenda jikoni kuleta sahani ya tatu.